Hotuba Isiyomtaja Baba

Bwenini,
2 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana wewe kukaa ni habari. Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Kikohozi kimeniacha kikahamia kwa rafiki yangu wa kitanda cha juu, yule tunayemwita Wakili kwa sababu hawezi kusikia jambo likapita bila kuliuliza swali.

Muhula huu tuna wageni kila Ijumaa. Mwalimu Mkuu ameamua tusiishie kusoma haki na maadili kwenye vitabu tu, tuwasikie watu walioshika mambo hayo kwa mikono yao. Wa kwanza alikuwa jaji mstaafu. Mzee mpole, sauti ya chini, akaongea mpaka wapishi wakaanza kuchungulia mlangoni kwa kuwa chakula kilikuwa kinapoa. Lakini alisema neno moja limenikaa: kwamba kazi ngumu mahakamani si kuhukumu, ni kumsikiliza mtu wa jioni kwa makini yale yale uliyomsikilizia mtu wa asubuhi. Baada yake akaja diwani. Yeye alituahidi tangi la maji. Wakili akamwuliza kama ni lile lile alilowaahidi shule ya jirani, au yako mawili. Ukumbi mzima ukashikwa na kikohozi.

Jana Mwalimu Mkuu akaniita ofisini anatabasamu. "Mama yako amekubali kuja mwezi ujao." Nikasema asante, mwalimu, nikatoka.

Mama, naomba usije. Nimetafuta namna nzuri ya kuliandika nikakosa, ndiyo maana nimeliandika kama lilivyo. Usikasirike. Nakupenda sana.

Nisalimie Mama Jirani.

Mwanao


Nyumbani,
11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kwenye ngazi tu, kwenye tambarare tunaelewana. Mama Jirani amezipokea salamu. Anasema umpe Wakili maji ya tangawizi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Tangu hapo nimekuwa nikijikagua. Kama ni viatu vyangu, vile vya kuchanika nimevitupa. Kama ni tabia yangu ya kukuita Shangazi mbele za wenzako, nitajizuia, ingawa jina hilo ni la baba yako, na ni kweli sura ya dada yake umeichukua yote. Kama ni kwamba naongea sana, hilo siwezi kukusaidia, ndiyo kazi.

Nimezungumza mbele ya wenye viwanda waliokuwa wanatazama saa zao, na mbele ya askari waliotumwa kuja kuandika ninachosema. Wengine waliwahi kunizimia kipaza sauti. Hakuna aliyewahi kunikataza kwa upole kama wako, na hakuna aliyeniumiza hivi.

Nimeshaahidi, mwanangu. Nikianza kuvunja ahadi kwa shule, nitakwenda kuwaambia nini wenye viwanda? Lakini niambie sababu. Sisi wawili hatujawahi kufichana.

Mama yako


Bwenini,
20 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Wakili amepona, na mwambie Mama Jirani maji ya tangawizi yamesifiwa. Mimi sijambo mwili.

Si viatu. Niite Shangazi hata kwenye kipaza sauti, sitajali.

Unakumbuka siku ile ulipohojiwa redioni? Tuliisikiliza kule shule niliyotoka, kwenye bwalo, matroni wa kule aliiongeza sauti mpaka mwisho. Ulieleza vile unavyoelezaga. Kwamba mume wako alikuwa mshonaji wa magodoro, kwamba moto ulianzia kwenye sponji, kwamba watu walikimbilia mlango wa nyuma wakaukuta umefungwa kwa nje, kwa sababu wenye kiwanda waliogopa kuibiwa. Kisha ukashusha sauti, ukasema, "Waliogopa kuibiwa magodoro. Mimi wakaniibia mume." Wasichana wakalia. Halafu wakageuka wote kunitazama mimi kama ninalia.

Nilikuwa silii, Mama. Nilikuwa nasema maneno yako kabla hujayasema. Najua pale unapokunywa maji. Najua pale sauti inaposhuka. Nimekaa viti vya mbele tangu miguu yangu haigusi sakafu, nimeisikia hotuba hiyo kwenye kumbi na viwanja na chini ya mahema, na sikukuambia kitu kwa sababu nilikuwa najivunia. Bado najivunia.

Lakini siku hizi nikifumba macho nimkumbuke Baba, wewe ndiye unayekuja. Umesimama jukwaani. Namtafuta yeye nakuta mlango umefungwa. Kila mtu anajua alivyokufa. Nina hofu nitakuja kuwa kama wao, nijue hilo tu.

Na hapa ndipo mahali pekee ambapo hotuba hiyo haijafika. Ndiyo sababu.

Mwanao


Nyumbani,
17 Machi

Shangazi wangu,

Hujambo? Najua umekuwa unakwenda kwenye kisanduku cha barua kila siku unarudi mikono mitupu. Sikuwa mgonjwa, usiwaze. Nilikuwa naandika nachana.

Nikueleze kitu ambacho ulikuwa mdogo mno kukielewa. Mara ya kwanza waliponipandisha jukwaani sikuweza kusema. Nilifungua mdomo ukatoka mlio tu, basi, wakanishusha wamenishika. Mama mmoja wa umoja wa wafanyakazi akanikalisha pembeni akaniambia, "Chagua maneno machache, yashike hayo hayo, usiyaachie. Shika kama mtu anayeshika ukingo wa ngazi gizani." Nikafanya hivyo. Wewe unasikia hotuba. Mimi nilikuwa nashika ukingo. Sikufikiri kwamba kuna mtoto nyuma yangu anapanda ngazi hiyo hiyo na hana pa kushika.

Nisikudanganye pia: maneno yale yamefanya kazi. Kiwanda cha mbao kilichoko karibu na kituo cha gari moshi kimeondoa makufuli. Kile cha rangi pia. Kuna watu wanarudi nyumbani jioni hawajui kwamba wanarudi kwa sababu mimi nilisema lile neno la magodoro. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba nitaliacha kila mahali. Nimejaribu kuandika ahadi hiyo, ndiyo karatasi nilizochana.

Lakini kwenye shule yako nitakuja, na baba yako hatatajwa. Sijui nitasema nini. Nitaandika kitu kuhusu funguo.

Mama yako


Bwenini,
29 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Gari la umoja lilivyokuwa linatoa moshi nilidhani mtalala njiani. Mimi mzima, nimekula karanga zako zote, nimempa Wakili mbili.

Juzi tulipata muda mfupi mno nyuma ya jiko, na muda wenyewe tukaumalizia kwenye sketi yangu iliyofupika. Kwa hiyo acha nikuambie huku nilichokiona kutoka kwenye kiti changu.

Mwalimu Mkuu alipokutambulisha kwamba wewe ni mjane uliyegeuza majonzi kuwa sauti, ulitazama viatu vyako. Kisha ukavaa miwani ukasoma. Sijawahi kukuona ukisoma. Ulisoma habari za sheria ya milango na nani anapaswa kukaa na ufunguo, na miwani ikawa inateleza, na mstari mmoja uliusoma mara mbili. Mama, ilichosha. Wasichana wa nyuma walikuwa wanachezea vidole. Mwalimu Mkuu alikuwa anatabasamu lile tabasamu la mtu aliyealika arusi bwana arusi asije. Mimi nilikuwa nataka kukimbilia pale mbele nikukumbatie, na pia nilitaka kujificha chini ya benchi.

Halafu Wakili akasimama, bila shaka. "Mama, umetueleza kazi yako. Hujatueleza ilikupataje."

Ukavua miwani. Ukasema, "Swali lako zuri, na jibu lake ninalo. Lakini si langu peke yangu, tuko wawili. Mwenzangu hajanipa ruhusa. Siwezi kuja hapa kuwafundisha haki huku nachukua cha mtu mbele ya macho yenu."

Mmoja akacheka akidhani ni mzaha. Kisha wasichana wa nyuma wakaachana na vidole vyao. Hukunitazama, Mama. Najua ulivyojizuia.

Baadaye tukiwa tunaanua nguo Wakili akaniuliza, "Mama yako alikuwa anaficha nini?" Nikamwambia hakuficha, alinitunzia. Akakunja soksi zake bila swali la pili. Kwa Wakili hilo ni jambo kubwa.

Na tangu siku hiyo Baba amerudi. Si yeye wa kiwandani. Nakuandikia haraka kabla hajaondoka tena, na nakuandikia wewe kwa sababu hukuwepo na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ni asubuhi ya siku ile. Wewe ulikuwa kwa Bibi, anaumwa. Baba alipika uji ukashika chini, akasema, "Wa juu ni wetu, wa chini tumeuachia sufuria." Kisha akagundua nywele zangu zimefumuka na shule inanisubiri. Akanikalisha katikati ya magoti yake akaanza kunisuka kwa kile kitana chake cha ndevu. Alikuwa anatoa ulimi nje kidogo, kama alivyofanya akipigilia msumari. Ilichukua muda mrefu na iliuma. Likatoka butu moja la nywele juu ya sikio, jingine likaenda karibu na kisogo. Akanizungusha akanitazama, akanizungusha tena, labda upande wa pili utakuwa na nafuu. Akasema, "Shangazi, wakikuuliza nani kakusuka, waambie fundi kasafiri." Tukacheka mpaka Mama Jirani akagonga ukuta.

Akanipeleka kwa Mama Jirani anifikishe shule, akaenda kazini. Sikumbuki alichosema mlangoni. Nadhani hakusema kitu, alikuwa bado anacheka.

Mlango wa kiwanda ni wako, Mama. Useme kila mahali, wafungue yote. Asubuhi hii ni yangu, na nimekugawia wewe tu.

Mwanao


Nyumbani,
9 Aprili

Shangazi wangu,

Marahaba, mama. Tulifika salama, tulisukuma gari kidogo tu. Goti halijambo. Mama Jirani hajambo, nilimwuliza kama aliwahi kugonga ukuta asubuhi hiyo, akasema ndiyo, na akaondoka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Jumapili nilizungumza kwa washonaji wa mjini. Nilianza na mlango, kama ulivyoniruhusu, lakini lile neno la kuibiwa mume sikulisema. Lilifika mdomoni nikaona limechoka, nikaliacha lipumzike. Hotuba ikawa fupi, ukabaki muda, na mwanamke mmoja wa kiti cha mbele akasimama akaanza kueleza habari za ndugu yake. Alisema vibaya vibaya, anarudi nyuma, anasahau, analia mahali ambapo si pa kulia. Nikamkumbuka yule jaji wako. Nikakaa chini nikamsikiliza kama ndiye wa asubuhi.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara nyingi, na nina kipande chake kimoja ambacho wewe huna. Nadhani unastahili kukipata, ingawa nimekaa nacho siku kadhaa najiuliza kama nikuambie.

Nilipopata habari niliondoka kwa Bibi vile vile nilivyokuwa, kanga moja. Nikafika nyumba imejaa watu. Wewe ulikuwa mapajani mwa Mama Jirani, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kichwa chako. Butu moja huku, jingine kule. Wageni walikuwa wengi, sikutaka wakuone hivyo. Nikasema, "Nani kamfanya mtoto hivi?" Hakuna aliyejibu. Nikakukalisha katikati ya magoti yangu nikaanza kuzifumua.

Ulilia. Ulikuwa unasema, "Usifumue, usifumue." Nilidhani unaumia. Nikakuambia vumilia mwanangu, naenda polepole. Na kweli nilikwenda polepole, kwa sababu mikono ilikuwa imepata kazi na nilijua ikimaliza sitakuwa na la kufanya. Nikazifumua zote. Nikazichana zikalala vizuri. Watu wakasema sasa mtoto amependeza.

Siku zote nilikuwa nasema baba yako hakuniachia kitu cha kushika, aliondoka hata kuagana hatukuagana. Kumbe kazi yake niliishika kwa vidole vyangu vyote kumi.

Silii kwa uchungu, usije ukamsumbua matroni akuruhusu kupiga simu. Nalia vingine, hata mimi silijui jina lake. Naendelea kuona ule ulimi. Nilikuwa nimeusahau kabisa, na sasa namwona akipigilia rafu ya jikoni, ulimi nje, na rafu imekaa upande hadi leo.

Ukija likizo nina ombi. Wewe nywele huna, shule imezinyoa. Zangu zipo, mvi zimezivamia lakini zinashikika. Nitakaa mkekani, wewe kaa kitini. Chukua kitana chochote. Nisuke vile vile alivyokusuka, moja juu ya sikio na moja karibu na kisogo, usinionee huruma na usirekebishe. Kisha tutavaa viatu, mimi na wewe, tutoke hivyo hivyo twende sokoni.

Mama yako