Jirani Mwenye Swichi

Jumamosi, saa moja kasoro jioni. Baridi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya chai, na mimi nimejaa joto kama niliyekunywa uji wa moto kwa pupa. Siwezi kukaa chini. Naandika nimesimama, simu mkononi, nikisikiliza jenereta la mtu mwingine.

Acha nianzie Alhamisi, maana yote yalianzia darasani.

Nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu nishati. Nikachora ramani ubaoni, nikavuta mstari kutoka Ethiopia hadi kwetu, nikawakumbusha zile nguzo ndefu za chuma tulizoziona Laikipia tulipokwenda safari ya shule. Umeme ule tunaununua kwa jirani, nikawaambia. Halafu nikavuta mstari mwingine: mafuta ya Uganda yanashukia Mombasa, yanapita kwetu, ndipo yafike kwao. Nilikuwa naenda vizuri sana, chaki inacheza.

Nyambura, yule mrefu wa dawati la nyuma ambaye huwa hainui mkono, akauliza tu, "Mwalimu, na huyo jirani akikasirika?"

Darasa likachemka. Mmoja akasema basi rais wetu hawezi kuwakosoa Waethiopia hadharani, atanyamaza ili taa zisizime. Mwingine akasema la, wao nao wanahitaji mnunuzi, umeme hauwekwi kwenye gunia. Wa tatu akataka kujua kama na sisi tukiwakasirikia Waganda tunaweza kuwafungia petroli, na kama hiyo si dhambi. Miaka kumi na moja nimefundisha somo hilo na sijawahi kuona watoto wakibishania nguzo za umeme hadi kengele ya chakula ikalia wakiwa bado wamekaa. Nilitoka na raha tupu.

Lakini shajara ni mahali pa kusema ukweli. Wakati wote ule uso wangu ulikuwa unanichoma, kwa sababu stima ya nyumbani kwangu ni ya jirani.

Nilipojenga hapa, nje kidogo ya Othaya, niliambiwa nguzo haijafika, nisubiri. Baba Wambui, tunayepakana naye kwa ua wa miiba ya kei-apple, akaniambia si nichukue kwake. Waya ikapitishwa ndani ya ua, na tangu hapo taa yangu, redio yangu na mashine yangu ya kuangulia vifaranga vinakula kutoka mita yake. Hajawahi kunisumbua hata siku moja.

Ila Baba Wambui ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kituo chetu cha kupimia chai. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya uchaguzi.

Si mtu mbaya. Amechoka tu. Paa la kituo linavuja msimu wa tatu sasa, na akina mama wanasimama na vikapu kwenye mvua wakingoja mizani, naye husema tutaona. Mama Njeri ndiye amekuwa akizibaziba lile paa kwa nailoni bila kuombwa na mtu, na mwaka huu akasema anasimama. Moyo wangu ulikuwa kwake tangu zamani. Kama kura ingekuwa ya siri, nisingekuwa na hadithi ya kuandika.

Lakini kwetu tunapiga mlolongo. Unasimama nyuma ya mtu wako, mchana kweupe, kila mtu anauona mgongo wako.

Jumatano Baba Wambui alinisalimia kwenye ua, akauliza, "Mwalimu, Jumamosi tutakuona?" Akatazama ile waya. Au niliona kama ameitazama. Nilirudi ndani nikahesabu siku za mayai: leo Jumamosi ni ya kumi na nane, trei tatu, na kila kifaranga kimeshaahidiwa mama mmoja wa chama chetu. Mayai ya siku kumi na nane hayataki mchezo na baridi hii. Usiku ule niliamua nitajifanya mgonjwa, nisiende kabisa.

Ni Nyambura aliyenitoa nyumbani. Ningemtazamaje Jumatatu?

Kwa hiyo leo asubuhi nikaenda. Mstari mmoja ulielekea kwenye lango, mwingine kwenye mti wa avokado. Miguu yangu ilitaka kwenda langoni, kwa Baba Wambui, naapa. Nikaibeba mpaka kwenye avokado, nikasimama nyuma ya Mama Njeri na macho chini kama mwizi wa mahindi. Nilipoyainua, Baba Wambui alikuwa ananitazama moja kwa moja.

Wakahesabu vichwa mara mbili. Mama Njeri ameshinda kwa watu wanne!

Mwanamke wa kwanza kwenye kiti kile. Tulipiga ngemi tano, vigelegele ambavyo wazee wanasema ni vya mtoto wa kiume, na hakuna aliyethubutu kutusahihisha. Nimelia. Nimecheza. Mtu mmoja kati ya wale wanne alikuwa mimi, na nilitembea kurudi nyumbani jioni nikijiona kama nchi iliyopata uhuru jana.

Nikafungua mlango. Taa nyekundu ya mashine ya vifaranga ilikuwa imezima.

Nilibonyeza swichi ya ukutani. Hakuna. Nikabonyeza tena, kama mjinga. Hasira iliyonipanda sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote hii. Kumbe ndivyo ulivyo, nikasema peke yangu, kumbe waya ilikuwa kamba ya kunifunga.

Sasa, jambo moja sikulisema darasani. Bomba la mradi wa maji linaingia kwangu kwanza, ndipo liende kwa Baba Wambui. Koki iko kwenye shamba langu, chini ya kifuniko cha mabati, karibu na nyasi za napier. Sikuwahi kuifikiria kama silaha. Leo nilikimbia kwenye umande na viatu vyangu vya uchaguzi, nikaizungusha mpaka ikakataa kuzunguka. Ng'ombe wake wawili wa maziwa hunywa jioni saa hizo hizo. Nilijua hivyo. Nakiri kwamba nilisikia utamu.

Nikiwa bado nimechuchumaa, jenereta likakohoa upande wa pili wa ua, likaanza kunguruma.

Sawa, nikawaza, yeye ana mwanga wake. Kisha nikawaza tena. Mtu mwenye stima anawasha jenereta ya nini?

Nikasimama, nikatazama ng'ambo ya bonde. Madukani giza. Kinu cha posho, ambacho Jumamosi hakinyamazi, kimya. Stima ilikuwa imepotea kijiji kizima.

Nilirudi kwenye koki mbio, lakini ua ukafunguka kabla sijainama. Baba Wambui alipita pale tunapopitia kuazimana chumvi, kofia bado kichwani, ameshika ncha ya waya ndefu.

"Mwalimu," akasema, "stima imepotea, ati mti imeangukia laini huko chini. Nimekumbuka mayai yako. Chomeka hii haraka." Kisha akaongeza, akishangaa kweli, "Na leo hata maji imepotea. Sijui tumekosea nani."

Ningeweza kunyamaza. Ningengoja aende, nifungue polepole, na asingejua maisha yake yote. Lakini mikono yangu ilikuwa na kutu mpaka kwenye vidole, naye alikuwa anaitazama.

"Maji ni mimi nimefunga," nikasema. "Nilidhani stima ni wewe."

Akanisogezea ncha ya waya. Sijui alimeza mambo mangapi hapo, siku aliyoshindwa mbele ya watu wote.

"Mayai kwanza," akasema. "Hiyo ingine utaniambia na chai."

Taa nyekundu imerudi. Nimeweka kiganja juu ya mashine, ni vuguvugu. Koki nimeifungua mpaka mwisho, na namsikia ng'ombe mmoja akinywa kwa kelele. Jumatatu baada ya masomo nitakwenda tena ofisi za stima Nyeri kuulizia mita yangu na nguzo yangu, na bomba lile tutaweka koki mbili, kila mtu na yake. Chai nakwenda kuinywa sasa hivi, nimeshachemsha maneno kuliko maji.

Na Nyambura nitamjibu nini? Aliniuliza jirani akikasirika itakuwaje, na siku mbili zote hizi nilimwogopa Baba Wambui. Kumbe jirani mwenyewe ni mimi.