Pengo Katika Wimbo Wako

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba goti lililokusumbua majira ya mvua sasa linakuruhusu kupanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi sijambo. Presha imetulia tangu daktari aliponibadilishia dawa, na macho bado yananitosha kusoma bila kumwomba mtu. Nyumba nayo ni salama, isipokuwa paa la jikoni, ambalo fundi huahidi kulitengeneza kila anionapo, na hutoweka kila aahidipo.

Barua yako niliipata na nikaisoma kwa makini. Uliniarifu kwamba chama cha wanamuziki kitakutunuku nishani kwa ajili ya wimbo wako mkubwa, ule ambao hata wasiokujua wanaujua. Uliniomba mambo mawili. La kwanza, niandike ukurasa mmoja unaoeleza jinsi wimbo huo ulivyozaliwa, nami niusome siku hiyo kwa niaba ya familia, kwa kuwa, kama ulivyosema, hakuna mwenye lugha iliyonyooka kunizidi. La pili, mpwa wetu, binti wa marehemu mdogo wetu Kitinda, apige kinanda utakapouimba. Ulisema itapendeza watu kumwona mtoto wa marehemu akiupiga wimbo aliotungiwa mama yake.

Nilikubali yote mawili kwa moyo mweupe. Lakini unanijua. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote, na sijapata kuandika sentensi juu ya jambo nisilolielewa. Maneno ya wimbo wako nayaelewa, na makosa yake pia, hasa ule ubeti wa pili ambapo moyo unapewa ngeli isiyo yake. Muziki wenyewe sikuuelewa hata kidogo. Kwangu wimbo ulikuwa ni maneno yanayopigiwa kelele nyuma yake. Nikaona si haki kuandika habari za nyumba huku nikijua habari za mlango tu. Nikaenda kwa mpwa wetu, nikamwomba anifundishe kusikiliza.

Huenda hujui kwamba yule mtoto anafundisha watu wazima sebuleni kwake, juu ya duka la vipuri. Ngazi zinanuka oili, na mtu akijaribu honi huko chini, somo husimama hadi aridhike. Darasani tulikuwa watu wachache: fundi wa friji, muuguzi mstaafu, na mhasibu mmoja aliyeachwa na mkewe ambaye kila wimbo ulimgusa. Mimi walinibandika jina la Kalamu Nyekundu kabla hata sijaketi vizuri, kwa sababu nilimsahihisha fundi wa friji alipokuwa akinikaribisha.

Sauti kadhaa zikipigwa pamoja wao huziita kodi, neno ambalo hadi hapo nilikuwa nikilihusisha na mwenye nyumba tu. Mpwa wetu hatumii daftari wala ubao. Anachukua nyimbo ambazo kila mtu amezisikia saluni, harusini na redioni, zile tunazozijua bila kujifunza, na kutoka humo anakufundisha kuitambua kodi kwa sikio. Ule wimbo wa kijana anayemwomba radhi mama mkwe unaishia kwenye kodi anayoiita nyumbani. Kabla haujafika hapo, unasimama kwenye nyingine, na hiyo anasema ni kama umeshika kitasa cha mlango na hujaingia. Wimbo wa mwanamke aliyefungasha vitu vyake una mahali ambapo taa inapungua ghafla, anapotaja watoto. Basi ukisikia wimbo mgeni, unajiuliza tu: hapa ni kwa mama mkwe, au ni kwa yule anayefungasha? Baada ya muda hata swali hulihitaji.

Mwanzoni nilikuwa mjinga wa darasa. Nilitaka kanuni. Niliuliza kodi ya kitasa inatumika lini na hairuhusiwi lini, na fundi wa friji akaniambia kwamba yeye hutambua friji mbovu kwa mlio wake kabla hajatoa skrubu moja, na kwamba Mama angeacha kusahihisha akasikia, tungemaliza mapema. Nilimjibu kwamba friji lake halina sarufi. Walicheka, nami nikacheka, Kaka, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu.

Siku moja nikiwa saluni, kichwa kikiwa kwenye beseni, redio ikapiga wimbo wa mama mkwe, nikajikuta nasema kwa sauti: nyumbani, kitasa, taa, nyumbani. Msusi alidhani nimeunguzwa na maji. Nilitoka pale nikijisikia kama mwanafunzi aliyesoma kibao cha barabarani kwa mara ya kwanza.

Kisha tukaufikia wimbo wako.

Mpwa wetu aliuweka mwisho kwa makusudi. Alitwambia kwamba huo ndio wimbo anaoupenda kuliko nyimbo zote, na kwamba una jambo ambalo wapigaji wa harusini wote hulikosea. Akapiga rekodi yako ya zamani, akaisimamisha kwenye mstari wa pili, akatuuliza taa imewaka au imepungua. Muuguzi alisema imewaka. Mhasibu alisema imepungua, na macho yake yakathibitisha. Fundi wa friji alisikiliza mara nyingine tena, akasema kwamba hapa umeme umekatika: hamna taa ya kuwaka wala ya kupungua.

Mpwa wetu alifurahi sana. Alieleza kwamba kodi ile ilipaswa kuwa na sauti tatu, re, fa na la, lakini fa haipo. Ile ya katikati ndiyo inayosema kama ni furaha au huzuni, nayo imeachwa. Wapigaji wengine huijaza kwa mazoea na kuuharibu wimbo wote. Kisha akasema, kwa fahari iliyonichoma baadaye, kwamba mjomba wake alieleza redioni sababu ya pengo lile: alipokuwa peke yake katika chumba cha nyumba ya wageni, mwaka ule wa msiba, aliiondoa sauti ya katikati kwa makusudi ili kuonyesha kiti kitupu cha dada yake.

Nilimwomba anionyeshe kwenye kinanda ni kibonyezo kipi hasa kilichoachwa. Akakibonyeza. Nikamwomba apige wimbo mzima polepole, bila maneno na bila ngoma, bila kukigusa kibonyezo hicho.

Kaka, alipofika mstari wa pili, nilikuwa sebuleni kwa baba. Niliuona mgongo wa Kitinda na shingo yake iliyoinama juu ya kinanda. Kinanda kile baba alikipata shule ya jirani ilipofungwa. Wewe ulikuwa umekwisha kuondoka na bendi, kwa hiyo hukukua nacho. Kilikuwa na kibonyezo kimoja kibovu, fa ya katikati, ambacho ukikigusa kinatoa mlio wa mbao tu, tak, kama mtu anagonga meza. Baba alisema ataleta fundi hadi akafa. Kitinda hakujua kinanda kingine. Alijifunza peke yake, na vidole vyake vikazoea kuruka pale, kama sisi tulivyozoea kuiruka ngazi iliyooza. Kila wimbo alioupiga ulikuwa na tundu mahali palepale. Hata nyimbo za kanisani alizipiga na tundu lake. Huo haukuwa usanii. Lilikuwa kosa la mtoto wa nyumba isiyo na fundi.

Na wimbo ule ulikuwa wake. Aliupiga jioni baada ya jioni nami nikisahihisha insha, bila maneno, kwa maana hakuwa mtu wa maneno. Ndiyo sababu sikuutambua ulipotoka. Ulitoka ukiwa na maneno yako, tarumbeta zako na ngoma zako, na mimi, kama nilivyokwambia, nilisikiliza maneno.

Nilijaribu kukutetea. Nilijiambia kwamba mtu anaweza kusikia kitu, kikamkaa kichwani, akadhani ni chake. Nilikaa na utetezi huo tangu kwenye ngazi zile za oili hadi nilipofika kwangu, na ulinifia mlangoni. Maana nilikumbuka likizo yako. Uliketi kwenye mkono wa kochi na gitaa lako, Kitinda akakupigia wimbo wake, nawe ukamfuata. Ulimuuliza kwa nini anaruka pale. Akakwambia. Ukanyoosha mkono, ukakibonyeza wewe mwenyewe, tak, ukacheka ukasema kwamba kinanda chetu kimeng'oka jino kama babu. Kisha ukaupiga tena pamoja naye, safari hii ukiruka pale anaporuka, na mkamaliza mkicheka. Mimi nikawaambia mnanipigia kelele.

Kwa hiyo unajua. Kwenye gitaa lako hakuna kibonyezo kilichokufa. Ungeweza kuijaza ile fa, na leo nisingekuwa na la kusema. Ulichukua vazi pamoja na tundu lake, na mwenyewe alipokwisha kuzikwa, ukawaambia watu kwamba tundu ulilitoboa wewe kwa ajili ya kumwomboleza. Nimesahihisha uongo mwingi wa wanafunzi, Kaka. Sijapata kuona ulioandikwa vizuri namna hiyo.

Somo lililofuata nilimwambia mpwa wetu. Sikumwambia mbele ya wenzake, nilingoja washuke. Nilidhani atafurahi, na hapo nilikosea. Alingoja mtu wa chini amalize kujaribu honi yake. Kisha aliniuliza, Mama Mkubwa, una hakika? Nikasema nilikuwepo. Akasema kwamba picha moja ndiyo yote aliyo nayo ya mama yake. Kwamba tangu utotoni amewauliza watu mama alicheka vipi, aliongea vipi, na kila mtu humwambia alikuwa mpole, kana kwamba upole una sauti. Na kumbe wakati wote huo alikuwa akimsikia dukani, garini, harusini kwa watu, akiambiwa ni mjomba. Alisema kwamba alipokuwa mdogo, ulipokuja ukamwimbia wimbo ule magotini pako, alilala akiamini hakuna mtu duniani anayempenda kama wewe. Sasa hajui ni nani aliyekuwa akimbembeleza. Halafu akafunika kinanda, akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Alivyoamua ni hivi. Atakuja kupiga kama ulivyoomba. Lakini kabla hujafungua mdomo atawaeleza watu ile kodi ya mstari wa pili imetoka wapi, na atakuomba, mbele ya hao wenye nishani, ueleze wewe umeitoa wapi. Amenitaka niwe shahidi wake, nami nimekubali. Ukurasa wako sitauandika. Amenitaka pia nisikudokeze neno, kwa sababu anataka kuuona uso wako utakapokuwa hujajiandaa. Nikamwahidi.

Basi niungame: ahadi hiyo nimeivunja kwa kalamu hii, na sijawahi kumvunjia mtoto yeyote ahadi. Usidhani ni kwa huruma juu yako. Heshima yako nisingepoteza wino kwayo. Nimefanya hivi kwa sababu yule mtoto hana baba, mama amempata juzi tu kwa namna ya kumliza upya, na mjomba aliyebaki ni wewe. Akikufichua yeye, atakuwa ameshinda na atarudi nyumbani bila mtu. Ukisema mwenyewe, kabla hajaketi kwenye kinanda, kwa sentensi fupi isiyo na kiti kitupu wala nyumba ya wageni, huenda siku moja akakuruhusu uingie sebuleni kwake. Sikuhakikishii. Jina la kutaja ni la Kitinda, jina lake kamili, nawe unalijua. Maneno ya wimbo hutalazimika kuyakana. Hayo ni yako, na makosa yake uyabebe.

Ukimwambia kwamba nilikuonya, nitakubali. Atanikasirikia, na atakuwa na haki. Huenda nikafukuzwa darasani pia, jambo ambalo litaniumiza kuliko unavyodhani, maana ndiyo kwanza nimeanza kusikia.

Nisalimie wifi yangu; yeye hana kosa, na sijui utamwambia nini. Wabusu wajukuu kwa niaba yangu. Goti ulitunze. Sisi hapa tunaendelea, na mvua ikinyesha jikoni naweka sufuria.

Ni mimi dada yako,
niliyekuwa sebuleni siku ile.