Shamba la Ukoo na Mshahara Usiokuwepo

Mpendwa mshauri, shikamoo, nisaidie kabla ya Jumamosi maana nimejifunga mwenyewe na sijui pa kutokea. Mimi ni mwalimu wa Historia, nilihitimu 2018, na kila bajeti ikisomwa nakaa na redio sikioni nisikie serikali itaajiri walimu wangapi, nafasi zikitangazwa naomba, usaili naenda, jina halitoki, wanatakiwa wa Hisabati na Fizikia, basi hapa Morogoro Mjini najitolea shule moja kwa posho isiyotosha hata nauli. Mwaka jana mama alinipigia kutoka Matombo akauliza kwa sauti ya kuchoka, "Mwanangu, huko serikalini bado tu?" nikajikuta nasema nimeshapata, mama, naye akautangazia ukoo mzima. Sasa sisi Waluguru shamba ni la ukoo wa mama na mjomba ndiye anayegawa, na mjomba Gabrieli amesema Ester, yaani mimi, anakula mshahara wa serikali, kipande chake cha migomba na mdalasini apewe Jastin, mtoto wa mama mdogo, ambaye hana kazi. Kikao ni Jumamosi, mama amekubali kwa furaha, na mimi sina kitu kingine duniani. Nikisema ukweli mama ataonekana mwongo mbele ya ndugu zake, nikinyamaza shamba limekwenda. Naogopa sana.

Ester, Morogoro

Marahaba, Ester. Pole, tena ya dhati. Mwalimu wa serikali anaajiriwa pale bajeti inapotenga fedha za kumlipa. Nafasi zikiwa nane na waombaji mia tatu, hata ujibu usaili vizuri namna gani, wengi mtarudi nyumbani. Hilo kamuulizeni mbunge wenu, mwende wengi, na msiondoke bila jibu.

Ila uongo hukutumwa na serikali. Na usiniambie unamlinda mama, unajilinda wewe. Ukiacha Jumamosi ipite, utakuwa huna kazi wala shamba.

Panda gari Alhamisi. Usipige simu. Mwambie mama kwanza, mkiwa wawili, na akilia mwache alie. Kisha nenda nyumbani kwa mjomba kabla ya kikao, useme kwa mdomo wako: "Mjomba, sina mshahara. Nilidanganya, na mama hakujua." Hilo la mwisho usilisahau, ndilo litakalomsafisha mama. Jastin atafutiwe kipande kingine, na chako ukilime kweli huku ukiendelea kuomba ajira.

Mjomba akiuliza kwa nini ulidanganya, mjibu kwamba uliona aibu, na kwamba aibu yenyewe haikuwa yako, ilikuwa ya bajeti isiyotenga fedha za kukuajiri.