Viporo vya Chumvi Mbili

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Baba mkubwa Mwinshehe amekuja asubuhi kusema siku imepatikana. Hitima ya kaka Mikdad itasomwa Ijumaa hii, baada ya swala. Mama aliendelea kuchambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa.

Sijawahi kuiandika habari hii. Niiandike mara moja, ikae. Mikdad aliondoka Januari kwenda Sauzi kwa malori. Mwezi uliopita mtu alipiga simu, akasema yuko Tete, Msumbiji, kijana wenu amekufa kwa homa, tumeshamzika. Baba mkubwa akauliza, makaburi gani? Simu ikakatika. Tangu hapo namba ile haipatikani. Hiyo ndiyo maiti tuliyonayo — simu ya dakika mbili.

Leo nimepekua mfuko wa gita lake. Kwenye kimfuko cha nyuzi nimekuta memori kadi. Ndani yake nyimbo sita za Chumvi Mbili, bendi yao, ambazo hazikuingia kwenye albamu. Mwenyewe aliziita viporo. Alisema vimebaki chunguni, siku tukiona njaa tutavipasha.

Neno la siri la ukurasa wa bendi ninalo. Kesho nitavipasha mimi. Kama yuko hai mahali penye mtandao, atasikia, na atasema kitu. Mikdad hawezi kusikia gita lake halijakaa sawa akanyamaza.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeziweka zote sita. Ule wa tatu nimeukata mwishoni. Pale mwisho kifuniko cha sufuria kinaanguka na Mikdad anasema, "Sabiha, toka nje, umetuharibia." Walikuwa wanarekodi stoo, godoro limeegemezwa mlangoni, na mimi nimejibanza nyuma ya gunia la mkaa. Nimeona aibu watu wanisikie nikifukuzwa.

Mpaka Magharibi wamesikiliza watu ishirini na saba. Sikujua kama bendi yao ilikuwa bado na watu.

Jumatatu, 8 Septemba

Komenti zimeanza. Mama mmoja wa Lugoba, Tabia, anasema wimbo wa pili ameusikiliza mara kumi na moja huku anakuna nazi. Nazi imeisha, hamu haijaisha. Mwingine anasema sauti ni kama wameimbia ndani ya pipa. Akajibiwa, pipa lenyewe liko wapi, nikakae humo. Mtu wa Mapinga akaandika kwamba nyimbo zikiachwa huwa zimeachwa kwa sababu, na kiporo kilichochacha kinaumiza tumbo. Walimrukia! Mmoja akamwambia aende akale pilau la harusini na awaachie wenye njaa zao. Nilicheka. Kisha nikashtuka kwamba nimecheka.

Halafu mtu akaandika, Mungu amrehemu mwimbaji. Chini yake wakapanga foleni, amina, amina, amina. Nilitaka kuzifuta zote. Lakini mwalimu wetu wa Kiswahili husema usifute neno kwa kuwa linakuuma. Nimeziacha.

Nimesoma kila komenti mara mbili, nikitafuta namna yake ya kuandika. Hajawahi kuweka nukta maishani mwake. Wasioweka nukta ni wengi mno.

Jumanne, 9 Septemba

Hakuna. Katika jaribio la Jiografia niliandika Tete kwenye swali la mji mkuu wa Msumbiji, na ninaujua vizuri mji mkuu wa Msumbiji.

Mama amekwenda kuazima masufuria makubwa kwa shangazi Adija.

Jumatano, 10 Septemba

Naandika haraka, mwandiko utanisamehe.

Saa kumi alasiri, nimerudi shule, nimefungua ukurasa. Mtu anayejiita Pweza Mkavu ameandika hivi, nanakili neno kwa neno: *mbona mmekata mwisho wa wimbo wa tatu pale kifuniko kinapoanguka na mtu anafukuzwa*

Bila nukta.

Kulikuwa na watu wanne tu mle stoo. Mikdad. Najim wa ngoma. Kaka Ausi wa besi. Na mimi.

Nimemwandikia, wewe ni nani? Akajibu, *msikilizaji tu*. Nikaandika, kama ni wewe, mama anakusomea hitima keshokutwa, tafadhali. Mpaka sasa hajarudi.

Nimempigia Najim, yuko Dar es Salaam anauza vioo vya magari. Anasema si yeye, na nyimbo zenyewe hakuwahi kupewa. "Mimi mdogo wangu, hata fimbo za ngoma nimeshagawa." Kaka Ausi hapatikani. Anafanya kazi kambi moja ya watalii huko Saadani, na simu yake hushika mtandao akipanda mahali pa juu.

Najim si yeye. Ausi hana mtandao.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemwambia mama.

Alikuwa anamenya vitunguu saumu. Nikamchezea wimbo wa tatu kutoka kwenye kadi, mzima. Kifuniko kikaanguka, Mikdad akanifukuza. Mama akasema, nirudishie pale. Nikarudisha. Akasema tena. Mara ya tatu alisema, "Ndiye," akageuka kutazama mlango wa uani.

Kisha akanihoji kama hakimu. Mlikuwa wangapi? Wanne. Najim? Amekataa. Ausi? Nikamwambia hapatikani, hana mtandao.

"Asiye na mtandao ataandikaje?"

Nilimwomba tusubiri Pweza Mkavu ajibu. Mama alinawa mikono. Akasema, ukimsomea hitima mtu aliye hai, umemfungia mlango kwa mkono wako mwenyewe. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana. Amekula leo. Wali na samaki, sahani nzima. Tangu ile simu sijamwona akimaliza sahani.

Mimi sikula. Nimeufungua ukurasa mara zisizohesabika. Pweza Mkavu kimya.

Ijumaa, 12 Septemba

Niko stoo. Nimesema navaa. Nina dakika chache.

Watu walikuja baada ya swala kama walivyoalikwa. Wanaume barazani kwenye mikeka, wanawake uani. Mama hakuwa amemwambia mtu. Maalim Maulidi alipoagiza sanduku la juzuu ili wagawiwe wasome, sanduku halikuonekana. Mama alikuwa nalo. Ameketi kwenye kibao cha mbuzi, amelipakata kama mtoto.

Baba mkubwa akaingia uani. "Habiba, watu wameacha kazi zao. Pilau limeiva."

"Kuleni, shemeji. Chakula hakina kosa. Juzuu hazifunguliwi."

"Kwa nini?"

"Mikdad ameandika."

Maneno yakaenea uani, ameandika wapi, nani kaona, na mama akawaeleza yote: kifuniko, stoo, watu wanne. Mwanamke mmoja nyuma ya masufuria akasema, pweza gani huyo wa kuzuia hitima ya watu? Wengine walicheka ndani ya kanga zao. Shangazi Adija hakucheka. Alianza kulia na kusema alhamdulillahi.

Hapo ndipo kaka Ausi alipoingia kwa mlango wa nyuma, vumbi mpaka kwenye kope. Habari alipelekewa na dereva, amesafiri tangu alfajiri kuja kumsomea rafiki yake. Nikamvuta kando ya tangi la maji kabla hajamaliza salamu.

"Si wewe uliyeandika?"

"Kuandika nini? Mimi wiki mbili sijaingia mtandaoni."

Nilifurahi. Naandika kwa kuwa ni kweli. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja.

Nikamweleza. Akakaa chini, palepale kwenye tope la bomba. Akasema, Sabiha, nyimbo zile nilikuwa nazo kwenye simu. Mwaka juzi nilimrushia mpishi wa kambi. Mpishi akawarushia madereva, madereva wakazipeleka wanakojua wao. Kule kambini zinachezwa kila siku. "Na ule wa tatu ndio wanaoupenda kuliko yote, kwa ajili ya kile kifuniko. Wakifika pale wanapokezana: Sabiha, toka nje. Watu wazima, mdogo wangu. Wewe kule ni maarufu."

Nikamuuliza wanaoujua mwisho ule wanafika wangapi. Akasema hajui. Thelathini? Mia? Nikamuuliza kama yupo anayejiita Pweza Mkavu. Akasema kule kila mtu ana jina la kuitwa, na yeye hajui ya mtandaoni.

Inaweza bado kuwa Mikdad. Nimeliandika hili ili nilisome. Inaweza bado.

Kaka Ausi ameniambia, mimi siwezi kumwambia mama yako, sina uso huo. Amekwenda kukaa na wanaume. Namwona kwenye upenyo wa mlango, anautazama mkeka.

Shangazi Adija amebisha. Baba mkubwa na Maalim wanataka niende barazani nieleze mwenyewe, maana mimi ndiye niliyesoma na ndiye niliyekuwamo. Nimesema nakuja. Mama amesikia sauti yangu. Anaita kutoka uani, na sauti yake ni ile ya zamani, ya kuitia watu chakula.

"Sabiha, usiogope, mwanangu. Waambie tu mlikuwa wangapi."