Waya za Baba Chini ya Tope

Kalundu, tarehe 9 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Pokea salamu za wote wa huku. Sisi tuko wazima. Ziwa limerudi nyuma kidogo, lakini nyumba yako bado ina maji hadi kwenye madirisha. Kaka Vainqueur anakutunza vizuri huko Kalemie? Na masikio? Nilitaka kupiga simu, nikakumbuka mara ya mwisho ulinijibu "ndiyo" kwa kila kitu, hata nilipokuuliza jina la dawa yako.

Baba, nimepata kazi kubwa. Komite ya kijiji cha Nyakabere, kule tambarare ya Ruzizi, inataka nipeleke umeme kwenye nyumba ya uzazi. Ni mita themanini kutoka kwenye nguzo, chini ya udongo, kupitia kwenye mashamba ya mpunga yanayofurika. Noella, mkunga wao, anazalisha wanawake huku ameuma tochi kwa meno.

Nimewaambia tununue ile kebo nyeusi yenye ganda nene na mkanda wa chuma ndani, iliyotengenezwa kwa ajili ya udongo wenye maji. Pierre, mkubwa wa komite, alicheka. "Weye Jolie, baba yako iko mwalimu yetu wa umeme hapa mu plaine. Alitia waya ya nyumba mu bomba ya maji, akazika, basi. Minye sioni sababu ya kubadilisha."

Nikafukua waya wako wa kanisani ili wajionee. Nilipolikata bomba, lilimwaga maji kama ndoo iliyopigwa teke. Waya mmoja ulikuwa umegeuka kijani. Wakasema hiyo ni kwa sababu nimelikata.

Waandikie, Baba. Mistari miwili inatosha. Wewe watakusikia.

Mwanao,
Jolie


Kalemie, tarehe 24 Septemba 2024

Mwanangu Jolie,

Nakusalimu wewe na kila anayeniulizia. Mimi nakula, nalala, nabishana na redio. Vainqueur ananitunza kupita kiasi. Anataka hata kunikatia nyama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekasirika mahali papya. Umefukua kazi yangu bila kuniuliza, kisha unaniomba nitie sahihi ya kuihukumu. Huko chuoni mlifundishwa hivyo?

Nchi hii imekuwa soko la watu wanaotuuzia hofu. Jana ilikuwa dawa, leo ni kebo. Wanachapisha katalogi yenye picha za rangi, na kijana aliyesoma anaamini kwamba udongo wa Ruzizi haukuguswa na binadamu kabla ya katalogi hiyo. Mwaka wa vita hakuna aliyeniletea kebo yenye chuma. Nilikuwa na bomba la maji, waya wa nyumba, lami, na mipira ya baiskeli ya kuzibia ncha. Kwa vitu hivyo niliwasha kanisa, kinu cha unga, shule, ofisi ya chifu. Miaka ishirini na saba. Nani amekufa? Nitajie jina.

Pierre nimemwandikia moja kwa moja. Nimemwambia aendelee na bomba.

Baba yako,
Anastase


Kalundu, tarehe 8 Oktoba 2024

Baba,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Pierre aliisoma barua yako mbele ya watu baada ya misa. Walipiga makofi. Mama mmoja akasema, "Huyu anataka kumfundisha baba yake namna ya kumzaa." Hata mimi nilicheka, kisha nikakosa njia ya kuondoka bila kupita mbele yao wote.

Wamenunua bomba. Nimekataa kulizika, wanatafuta fundi mwingine.

Nijibu kama fundi, uache ubaba pembeni. Bomba halizuii maji. Hewa yenye unyevu inaingia, inapoa, inakuwa maji, na wewe umeziba ncha, kwa hiyo hayana pa kutokea. Lami yako iliyafungia ndani. Ganda la waya wa nyumba ni jembamba, ni la ukuta mkavu. Likilowa miaka na miaka linachoka, linapasuka. Wakati wa vita ulifanya ulichoweza, hakuna anayekudai zaidi. Lakini leo kebo zinafika Bujumbura, saa moja kutoka hapa, na maji yamepanda kuliko enzi zako.

Unauliza nani amekufa. Sitaki kuwa na jina la kukutajia. Niandikie kila mahali ulipozika waya, kwa maana hakuna ramani popote, na mvua imeshaanza milimani.

Mwanao,
Jolie


Kalundu, tarehe 11 Novemba 2024

Baba,

Unaendeleaje? Umenyamaza karibu wiki tano. Vainqueur anasema unakula.

Ng'ombe wa Akimana amekufa Jumamosi, Nyakabere, karibu na kinu. Alikuwa anavuka tope juu ya waya wako, akaanguka kama aliyekatwa magoti. Akimana akakimbia kumshika pembe, umeme ukamtupa. Yu hai. Vidole vya mkono wa kulia havisikii kitu.

Sasa Pierre anasema ni mimi. "Jolie iko anachimba-chimba, ndiye aliharibu kazi ya mzee." Kinuni sikugusa, Baba. Nilifukua kanisani tu, na pale umeme ulikatwa siku hiyo hiyo. Jana vijana walinizuia kuingia kijijini.

Bomba la nyumba ya uzazi limeshazikwa na fundi kutoka mjini. Jumapili hii wanawasha. Wanawake watakuwa wanaingia pale wamelowa miguu, wakishika kuta.

Sikuombi tena maoni yako. Naomba orodha.

Jolie


Ujumbe wa simu, Kalemie, tarehe 15 Novemba 2024

Kazime umeme wa kijiji cha Katogota kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Bella, jirani yetu, ananiandikia kwenye simu yake. Katogota ni laini ya kwenda shuleni. Siku ile waya ulinipungukia mita sita. Niliunga chini ya udongo, nikafunga kwa utepe na mpira. Kiungo kiko hatua nne kutoka kwenye robine wanapochota maji, bila viatu. Nilipokuwa nazika, robine haikuwepo. Ilipowekwa, niliiona. Nilijua. Nikasema nitarudi kurekebisha, sikurudi.

Nyumba ya uzazi wasiwashe. Pierre nimemtumia ujumbe wake: aliyekosea ni mimi, na binti yangu hakugusa kitu kinuni. Ausome mbele ya watu kama alivyosoma ile barua. Asipousoma, usome wewe.

Uliponiandikia habari za kanisa nilijua kwamba una haki. Nilianza kuhesabu laini zangu kichwani, nikafika kumi na nne, nikaogopa. Ndiyo maana nilikutukana. Wiki zote hizi nimekuwa nikiamka na kuzihesabu upya, labda zipungue.

Bella amesita kuandika, ananitazama vibaya. Waambie watu wa Katogota wasiguse ile robine.

Orodha inakuja kwa boti.

Baba


Kalundu, tarehe 27 Novemba 2024

Baba,

Watu wa hapa nyumbani wanakusalimu. Akimana ameanza kukunja kidole cha kati.

Katogota tulizima ndani ya saa moja. Nilichimba hatua nne kutoka kwenye robine, sikuona kitu. Tano, sita. Kwenye ya saba nikakipata. Utepe ulibanduka mkononi mwangu kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Shaba ilikuwa wazi, urefu wa kidole, na pembeni yangu madumu ya watu yalikuwa kwenye foleni.

Pierre alisoma ujumbe wako. Aliusoma polepole, bila kuinua macho, na hakuna aliyepiga makofi. Kisha akaniambia, "Mama, andika kebo unayotaka." Ni mara ya kwanza kuniita hivyo. Bomba litafukuliwa. Kebo yenye chuma itashuka sentimita themanini, juu ya mchanga, kipande kimoja bila kiungo, na juu yake utepe mwekundu ili atakayechimba ajue. Noella amesema atavumilia tochi wiki mbili zaidi.

Sijui kama nimekusamehe. Kazi ni nyingi, nitajua baadaye.

Orodha nimeipata. Umeandika: "Kutoka kwenye mkaratusi hadi nyuma ya duka la Libérat." Mkaratusi ulikatwa. Duka lilikwenda na mafuriko. Umeandika: "Hatua thelathini kuelekea mlimani." Hatua za nani? Nne zako ni saba zangu.

Kanisa, kinu na Katogota zimezimwa, laini kumi na moja zimebaki, mvua inanyesha kila siku, na watu wanapita juu yake wakienda shamba. Kuzima zote siwezi, sijui zinaanzia wapi. Karatasi haitoshi. Najua unaogopa kukutana macho na Akimana. Mimi nilikwenda kwake peke yangu. Alinipa kiti.

Boti inafika hapa Kalundu Ijumaa, tarehe 6, asubuhi. Vaa viatu vya mpira. Nitakuwa pale na koleo mbili za kuchimbia.

Mwanao,
Jolie