Blanketi la Mtani Wangu

Handeni

Dada yangu Nyamizi,

Shikamoo. Naomba haya yakukute umekaa, maana ukisimama goti lile linaanza malalamiko. Watoto hawajambo? Huko Nzega mvua imeshanyesha, au bado mnatazama mawingu? Mimi mdogo wako mzima. Tumbo linaongezeka, nywele zinapungua. Kwenye simu nakwambia niko salama kisha nakata. Haya mengine nimeona niyaandike.

Unamkumbuka Mhina, yule mtani wangu Mzigua mwenye duka la mbegu jirani na cherehani yangu? Alipooza upande wa kulia, maneno yakagoma kutoka. Binti yake, Zaina, akaja kumchukua, akampeleka kwake Magoma. Dada, kibaraza changu kimekuwa kimya! Miaka yote hii yule mtu ndiye aliyekuwa akinifungulia asubuhi kwa matusi: "We Mnyamwezi mbeba mizigo, bado hawajakurudisha kwenu?" Nami namjibu kwamba siku nikirudi, mzigo wa kwanza kufungwa kamba ni yeye. Mtu wa mbali kama mimi, huo ndio ulikuwa undugu wangu hapa.

Basi nikaamua kumshonea blanketi la viraka. Mabaki ya nguo zake ninayo: suruali ya kaki ya shamba, kanzu ya Idi, hata suti aliyovaa siku ya kumwoza Zaina, ile niliyokosea mkono mmoja ukawa mfupi, akanitangaza mji mzima. Upande wa kichwani nikadarizi kwa uzi mwekundu, herufi kubwakubwa: MALI YA MNYAMWEZI. Nilishona huku nacheka peke yangu. Nilichotaka ni kimoja tu: alione, anitukane tena.

Nikapanda basi hadi Segera, nikabadili la Korogwe, nikafika Magoma shati limelowa. Joto lile, dada, hata nikaona aibu kubeba blanketi! Zaina akanipokea vizuri. Lakini mama mkwe wake alipolikunjua na kusoma, uso ukabadilika.

"Mtu mzima unamwandika mali yako kama gunia la mahindi? Tena mgonjwa?"

"Ni mtani wangu, mama. Sisi na Wazigua tunataniana hata msibani."

"Basi ungesubiri msiba."

Zaina akaninong'oneza, "Baba mdogo, fumua tu, yaishe. Mimi naishi kwao."

Nikaomba wembe, nikakaa kando ya kitanda cha Mhina, nikaanza kufumua utani wangu mwenyewe. Yeye ananitazama tu. Nikatoa MALI. Nikatoa YA. Nilipogusa neno la tatu, mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukanishika kiganja, ukakaza. Mdomo ukahangaika, ikatoka sauti moja nzito. Nikamtazama Zaina, naye hakuielewa. Huenda lilikuwa tusi. Huenda alikuwa anaomba maji. Mimi nimeamua lilikuwa tusi.

"Haya, hilo liache," mama mkwe akasema taratibu.

Kwa hiyo Mzigua mzima analala kifuani kaandikwa MNYAMWEZI. Angekuwa na ulimi wake, angenishtaki kwa ukoo wote.

Nimerudi. Dukani kwake kaingia mama mmoja mstaarabu sana. "Habari za asubuhi, fundi? Umeamkaje?" Nzuri, mama. Basi, ndiyo imetoka hiyo mpaka kesho. Heshima tupu, dada, inanichosha kuliko cherehani. Juzi nimejikuta nabishana na mkasi.

Nisalimie shemeji, mwambie koti lake bado namshonea. Msalimie mama mdogo, na yule jirani yetu mfuga nyuki. Wajomba zangu wasome.

Ukinijibu, tafadhali usinipe pole. Nitukane kidogo.

Mdogo wako asiyekua,
Maganga