Kisukari Si Ndizi

Shirimatunda, Moshi
10 Novemba 1996

Kaka Eliakim,

Shikamoo. Hamjambo huko Masama, wewe na shemeji Eunike, na yule ng'ombe wenu mwenye maringo kama mimi? Mimi naendelea, kama utakavyosoma.

Barua yako imefika. Unasema nyayo zinawaka kama umekanyaga makaa, unamaliza ndoo ya maji na kiu haikatiki, na jirani anasema umetegewa kitu njiani. Nilicheka, halafu nikaacha.

Kwanza nikupe habari za Mjapani wangu. Unajua mimi si dereva wa kubahatisha. Tangu mambo yawe ruksa nimeendesha Wajerumani, Waholanzi, na sasa mtaalamu wa mpunga huko Kahe, Bwana Morita, ambaye bila mimi angepotea ndani ya jaruba lake mwenyewe. Siku moja aliniona nashushia mandazi manne kwa soda ya pili, akaniuliza kama ukoo wetu una ugonjwa wa sukari. Nikamwambia sisi watu wa mlimani ni wazima, kitambi hiki ni maendeleo. Hakucheka. Akanieleza kwamba mdogo wa babu yake alihamia Brazili kulima kahawa, kama sisi. Yeye na wenzake wakafanikiwa, wakazoea nyama, sukari na kupanda gari. Madaktari walipowalinganisha Wajapani waliohamia ng'ambo na waliobaki kwao, damu ile ile, wakakuta waliohama wanaugua sukari zaidi, na inawaua zaidi. Mzee yule alikatwa mguu mmoja, kisha wa pili, akafa. Nikampa pole, nikaagiza soda ya tatu. Nilidhani hizo ni habari za Wajapani.

Baadaye nikaenda kupimwa. Daktari, binti mdogo tu, akaniambia nina kisukari. Nikamjibu kwamba ninayo kweli, migomba mitatu nyuma ya nyumba, na kama anapenda ndizi tamu kesho namletea mkungu mzima. Nesi alicheka mpaka akaangusha kalamu. Mimi nikawashinda wote kwa kucheka, mpaka nilipoona daktari hacheki.

Hiyo ni miaka miwili sasa, kaka, na sikumwambia mtu. Niliacha sukari kwenye chai, nikaendelea na pombe yetu ya mbege, nikijiambia mbege ni ndizi tu. Dalili zako zote ninazijua kwa majina. Ile safari ya Arusha iliyonizuia kuja kwenye kipaimara cha mwanao Beatrice ilikuwa kitanda cha hospitali. Walinikata kidole gumba cha mguu wa kulia. Na kila Krismasi, huku najua, nimekupandishia kreti tatu za soda na mfuko wa sukari, ili Masama yote ione Godlove amefika. Wewe hukuhama. Mimi ndiye niliyekuhamisha, ukiwa umekaa kwako.

Hujategewa kitu. Jumatatu ya tarehe 18 teremka, twende ukapimwe damu. Nitakungoja stendi. Usitafute vile viatu vyangu vya ngozi. Tafuta mtu mnene mwenye kandambili. Krismasi hii napanda mikono mitupu, na wakisema nimefilisika, waache waseme.

Msalimie shemeji. Mwambie chai isiyo na sukari haijaua mtu.

Mdogo wako, wa vidole tisa,
Godlove